Kutoka Boston hadi Quebec kwa meli: wapi ulipie ziara, wapi mshuke wenyewe

Swali: Naishi Columbus, Ohio, na wanangu wawili, wa miaka 13 na 16. Mwishoni mwa Septemba tumepanga kusafiri na mama yangu, atakayekuja kutoka Tanga, kwa meli ya kitalii ya kutoka Boston hadi Quebec. Itapita Portland, Bar Harbor, Saint John, Halifax, Sydney na Charlottetown. Mama ana miaka 68. Magoti yanamsumbua kwenye ngazi, ila njia tambarare anatembea vizuri tu. Orodha ya ziara zinazouzwa melini imenitisha: nikinunua kila bandari kwa watu wanne, bili inakaribia nauli yenyewe. Je, ni lazima? Wapi tunaweza kushuka wenyewe? Na Mama anauliza kama ataona nyangumi.

Jibu: Dada yangu, si lazima. Katika bandari zote hizo, ziara ya melini ningeilipia bila kusita mbili tu, Bar Harbor na Sydney. Halifax ningekodi teksi kwa nusu siku. Kwingine meli inafunga karibu na mji, au kivutio chenyewe ni mwendo mfupi wa gari. Lakini tuanze na jambo linaloweza kumzuia Mama asipande meli kabisa, nalo ni viza.

Safari hii inaondoka Marekani na kumalizikia Kanada. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Kanada, hata kama amepanga kubaki melini asikanyage gati. Maombi yake yana hatua ya alama za vidole na picha, kwa hiyo msiyaache mpaka Agosti. Viza yake ya Marekani nayo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu akitoka Quebec kurudi kwako Ohio anaingia Marekani upya. Wewe na watoto, kama mna grini kadi, Kanada haiwadai viza. Mtaonyesha pasipoti zilizo hai pamoja na kadi zenyewe. Masharti ya Marekani kwa pasipoti za nchi zetu yamekuwa yakibadilika, basi soma tovuti rasmi za serikali zote mbili, kisha iulize kampuni ya meli kwa maandishi. Karatasi hukaguliwa Boston kabla ya kupanda, na anayekosa moja anaachwa pale na masanduku yake.

Viza zikishapatikana, kwa kila bandari jiulize kwanza: meli inafunga gatini, au inatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti ndogo? Penye gati, mnashuka na kupanda mnavyotaka. Mama akichoka anarudi chumbani, nyinyi mnaendelea. Penye nanga kuna foleni ya boti, kuna mawimbi, na kuna hatua ya kuvuka kutoka melini kuingia kwenye boti ambayo kwa mtu wa magoti si ndogo. Kwenye safari yenu Bar Harbor ndiyo ya nanga.

La pili ni saa. Majimbo ya New Brunswick (Saint John), Nova Scotia (Halifax na Sydney) na Prince Edward Island (Charlottetown) yako saa moja mbele ya Boston na jimbo la Maine (Portland na Bar Harbor), halafu Quebec mnarudi kwenye saa ya Boston. Simu itajibadilisha yenyewe ikinasa mnara wa nchi kavu, lakini meli huenda isibadilishe. Inayotawala ni saa ya melini. Nunua saa ya mkononi ya bei rahisi, iwekeni sawa na ya melini kila asubuhi, mwachie kijana wa miaka 16 aivae na awe msimamizi wa muda. Mkitoka wenyewe, mlenge kuwa gatini saa nzima kabla ya muda wa mwisho. Ziara ya melini ikichelewa, kwa kawaida meli huisubiri. Mwenye teksi yake hasubiriwi, na gharama ya kuifuata meli mpaka bandari ya mbele ni yake.

Boston fikeni siku moja kabla. Gati la meli liko South Boston, mbali kidogo na katikati ya jiji, na siku ya kupanda meli si siku ya kutembea. Kuna njia ya kihistoria ya kilomita 4, Freedom Trail, iliyowekewa mstari mwekundu chini kuanzia bustani ya Boston Common. Mama aende nayo mpaka soko la Faneuil Hall tu, atakuwa ameona kiini chake. Mkabala na jengo la serikali ya jimbo, pembeni ya bustani hiyo, wasimamisheni watoto mbele ya sanamu ya shaba ya mwaka 1897 inayowaonyesha askari weusi wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts wakienda vitani. Nyuma ya jengo hilo la serikali, kwenye kilima cha Beacon Hill, kuna African Meeting House, jengo la kanisa la watu weusi lililojengwa 1806 ambalo sasa ni sehemu ya makumbusho. Kilima ni kikali, watoto wapande, Mama abaki bustanini.

Portland haina ugumu. Mnashuka karibu kabisa na mitaa ya zamani ya matofali, na mji huu umepokea wahamiaji wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, kwa hiyo msishangae kusikia Kiswahili barabarani. Chukueni gari kwenda mnara wa taa wa Portland Head, uliowashwa tangu 1791. Uko ndani ya bustani yenye njia nzuri na benchi zinazotazama bahari, na ni mwendo wa robo saa hivi. Chakula cha mchana kiwe kambakoche, maana Maine ndiyo nyumbani kwake. Kama Mama hali nguruwe, aulize kabla ya kuagiza ile supu nzito nyeupe ya chaza inayouzwa kila kona: wapishi wengi huianzia kwa mafuta na vipande vya nyama ya nguruwe, na kwa kuitazama hutajua.

Bar Harbor ndipo ninapokushauri ulipe. Mji wenyewe ni mdogo. Watu wanafuata hifadhi ya Acadia, iliyotangazwa mwaka 1916, na mlima Cadillac wenye mita 466, mrefu kuliko yote kwenye pwani ya Atlantiki ya Marekani. Gari la binafsi au la kukodi haliruhusiwi kupanda barabara ya kileleni msimu huo bila nafasi iliyowekwa mapema mtandaoni. Mabasi ya ziara yana vibali vyake. Kuna pia mabasi ya umma ya bure, Island Explorer, yanayoondoka katikati ya mji na kuzunguka hifadhini mpaka katikati ya Oktoba. Ni mazuri na ndiyo njia mbadala ya kuokoa fedha, ila hayafiki kilele cha Cadillac. Kwa mtu wa magoti, basi linalomfikisha juu na kumteremsha ni fedha iliyotumika vizuri. Faida nyingine ni kwamba wenye ziara za melini ndio kawaida hutangulizwa kwenye boti za kushukia.

Huko juu mtaona mabaka ya msitu yanayogeuka njano na nyekundu kati ya misonobari ya kijani. Rangi hizo zina historia. Mwaka 1947 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mashariki ya kisiwa ulipo mji huu na hifadhi, misonobari ikaungua, na palipoungua pakaota miti ya majani mapana, ile inayobadilika rangi kila msimu wa vuli. Mwisho wa Septemba rangi zinaanza tu, kilele chake hapo ni karibu na katikati ya Oktoba, kwa hiyo usiwaahidi watoto mlima mzima mwekundu. Wao wakirudi mjini wana chao cha bure: maji yakipwa, fungu la mchanga na changarawe hutokeza baharini na unavuka kwa miguu hadi kisiwa cha Bar. Njia iko wazi kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na saa moja na nusu baada yake. Wakizembea, watakaa kisiwani mpaka kupwa kwa mara ya pili, na meli itakuwa imekwenda.

Jambo moja uliangalie sasa hivi. Mwaka 2022 wakazi wa Bar Harbor walipiga kura kuweka kikomo cha abiria 1,000 wa meli wanaoshuka kwa siku, na kampuni kadhaa zimebadilisha ratiba. Hakikisha kituo hicho bado kimo kwenye safari yenu, maana orodha za matangazo huchelewa kusahihishwa.

Saint John ndiyo bandari ambayo abiria wengi huidharau na Mama yako ataipenda, kwa sababu amekulia kwenye bahari inayojaa na kupwa. Bamvua la pwani yetu hupandisha maji kama mita 4 hivi. Hapa, kwenye Ghuba ya Fundy, bandarini tu maji hupanda na kushuka kama mita 8, na ndani kabisa ya ghuba, upande wa Nova Scotia, hufika mita 16, kiwango kikubwa kuliko popote duniani. Chanzo ni umbo na urefu wa ghuba: maji yake hubembea kwenda na kurudi kwa mwendo unaokaribiana na ule wa bahari kuu, basi kila wimbi la kujaa linakuta maji ya ndani tayari yanapanda na kuyasukuma zaidi, halafu ghuba inazidi kuwa nyembamba na ya kina kifupi, na maji hayana pa kwenda ila juu. Kaeni kwenye sitaha asubuhi mtazame nguzo za gati, mzitazame tena saa sita baadaye. Mlango mliotokea asubuhi huenda sio mtakaorudia, kwa sababu meli yenyewe imepanda au imeshuka na ngazi imehamishiwa sitaha nyingine.

Kivutio kinachouzwa hapo ni Reversing Falls, mahali ambapo mto Saint John unapita kwenye mfereji mwembamba wa miamba kuingia baharini. Maji yakipwa, mto unatelemka kwa kishindo kuelekea baharini. Yakijaa, bahari inausukuma mto urudi ulikotoka. Katikati kuna dakika kama 20 za utulivu. Watu hufika mara moja, wakakuta ni wakati wa utulivu, wakaondoka wakilalamika kwamba wameibiwa. Usinunue ziara. Tafuta jedwali la maji la siku yenu, uone kupwa ni saa ngapi na kujaa ni saa ngapi; kati yake ni saa sita na dakika chache, hivyo meli ikikaa mchana kutwa mara nyingi mnaviwahi vyote viwili. Nendeni kwa teksi wakati mmoja, mrudi mjini mle, mwende tena wakati wa pili. Ni mwendo wa dakika kumi hivi. Mtu akiuona mto uleule ukienda kinyume siku moja, hausahau.

Katikati ya safari hizo mbili ingieni soko la mji, jengo la mwaka 1876 ambalo dari lake la mbao limeundwa kama jahazi lililopinduliwa. Waulizeni wauzaji mwani mkavu wa rangi ya zambarau unaoitwa dulse. Wenyeji wanautafuna hivihivi, wenye chumvi yake. Wanawake wa Tanga na Zanzibar wanalima mwani ambao sehemu kubwa huuzwa nje kwa ajili ya viwanda; nina hakika Mama atakuwa na maswali mengi kwa muuzaji, na wewe uwe mkalimani.

Halifax ni bandari ninayoipenda kuliko zote za njia hii, na ningetamani muitumie siku nzima. Meli inafunga ubavuni mwa Pier 21, banda walikoshukia wahamiaji karibu milioni moja kati ya 1928 na 1971, ambalo sasa ni makumbusho ya taifa ya uhamiaji. Ni hatua chache kutoka ngazi ya meli, na ndani kuna lifti. Familia iliyohama kama yenu itajiona humo. Kutoka hapo kuna njia ya mbao tambarare kando ya bahari, kama kilomita 4, ambayo Mama anaweza kuitembea kwa kadiri apendavyo. Makumbusho ya bahari yako kwenye njia hiyohiyo, yakiwa na vitu vya Titanic, kwani meli za kwanza zilizotumwa kuopoa maiti mwaka 1912 zilitoka hapa. Makaburi 121 ya waliokufa yako kwenye eneo la Fairview Lawn. Ndani ya makumbusho hayo pia utakuta habari za Desemba 6, 1917, siku meli ya Mont-Blanc iliyosheheni baruti ilipogongana na Imo ndani ya bandari na kulipuka. Walikufa watu karibu 2,000.

Lakini kuna Halifax nyingine ambayo mabasi mengi ya ziara huipita mbio, na hiyo ndiyo nakusihi uwapeleke watoto. Kaskazini mwa mji, ukingoni mwa maji, palikuwa na kijiji cha watu weusi kilichoitwa Africville. Walilipa kodi, wakanyimwa maji ya bomba na mifereji ya maji machafu, jalala la mji likawekwa karibu na milango yao. Miaka ya 1960 mji ukakivunja. Baadhi ya familia zilihamishwa kwa magari ya taka, na kanisa lao lilibomolewa usiku mwaka 1967. Meya aliomba radhi hadharani mwaka 2010, na leo pamejengwa upya jengo la mfano wa kanisa lile likiwa makumbusho madogo. Waliotoka Afrika wana sababu nyingine ya kulitazama lango hili la bahari: Januari 1792, meli 15 ziliondoka Halifax na watu weusi karibu 1,200, wengi wao waliowahi kuwa watumwa Marekani, kwenda kuanzisha Freetown huko Sierra Leone.

Mkirudi mjini, pandeni kivuko cha kwenda Dartmouth, ng'ambo ya bandari, ambacho kimekuwa kikivusha watu tangu 1752. Nauli ni chini ya dola 5 na mandhari ya mji kutoka majini hayapatikani kwa ziara yoyote ya bei hiyo. Huenda mkapanda kile kilichopewa jina la Viola Desmond. Toa noti ya dola 10 ya Kanada uwaonyeshe wanao uso wake: mfanyabiashara wa saluni wa Halifax aliyekataa kuhama kiti cha wazungu kwenye sinema ya New Glasgow mwaka 1946, akakamatwa na kutozwa faini.

Peggy's Cove, ule mnara mweupe juu ya miamba unaouona kwenye kila kadi ya posta, uko kama kilomita 43 kutoka mjini. Chaguo langu kwa watu wanne ni teksi ya nusu siku, mkubaliane bei kabla ya kuondoka: Peggy's Cove kwanza, Africville wakati wa kurudi. Tangu 2021 kuna jukwaa la kutazamia lisilo na ngazi, kwa hiyo Mama ataona bila kukanyaga mwamba. Watoto waambie neno moja na ulisimamie: mwamba mweusi haukanyagwi. Weusi huo ni alama ya mahali mawimbi yanapofika, na yamekwisha kuchukua watu siku ambazo bahari ilionekana shwari.

Sydney nunueni ziara ya ngome ya Louisbourg. Iko zaidi ya nusu saa kwa gari, usafiri wa umma wa kutegemea haupo, na ndiyo sababu ya kushuka hapo. Ulikuwa mji wa Wafaransa ulioanzishwa 1713, Waingereza wakauteka mara mbili, wakaubomoa. Kanada ikajenga upya sehemu yake kuanzia miaka ya 1960, na wafanyakazi wanavaa na kuoka mikate kama zamani zile. Kuna upepo mkali na njia za changarawe. Siku ikiwa ya mvua kubwa, Mama abaki melini, hatakosa kitu cha kumliza.

Charlottetown msinunue chochote. Kutoka gatini mnaingia mjini kwa miguu, mitaa ni tambarare, mji ni mtulivu. Hapa ndipo viongozi wa makoloni walipokutana mwaka 1864 kuzungumzia muungano uliozaa Kanada. Udongo wa kisiwa ni mwekundu kwa sababu ya madini ya chuma, na viazi vyake vinasifika nchi nzima.

Nilisema ziara ya Bar Harbor na Sydney ilipiwe melini. Kuna sababu moja zaidi. Septemba ni msimu wa masalia ya vimbunga. Tarehe 24 Septemba 2022 kimbunga Fiona kiliipiga Nova Scotia na Prince Edward Island vibaya sana. Nahodha akiruka bandari, ziara za melini kwa kawaida hurudishiwa fedha bila nyinyi kuomba, wakati amana mliyompa mtu wa nje mtaifuatilia wenyewe. Hata bila kimbunga, asubuhi za huko ni nyuzi 10 hivi na upepo. Mama anahitaji koti lisilopitisha upepo, soksi nzito na kofia ya kufunika masikio. Kitenge na sweta havitatosha kwenye sitaha.

Quebec, laleni usiku mmoja kabla ya ndege. Mji ulianzishwa 1608, umezungukwa na kuta za zamani, na una sehemu ya chini na sehemu ya juu. Meli nyingi hufunga chini, karibu na mitaa mizuri zaidi. Kati ya chini na juu kuna ngazi ambazo jina lake la Kifaransa linamaanisha za kuvunjia shingo. Mama asiziguse: hatua chache tu kutoka hapo kuna lifti ya mteremko, iliyoanza kazi 1879, inayomtoa mtaa wa Petit-Champlain na kumweka juu mbele ya hoteli ya Château Frontenac kwa dakika moja au mbili. Siku ya pili wapeleke maporomoko ya Montmorency nje kidogo ya mji, mita 83, marefu kuliko Niagara, nayo yana gari la kamba la kupandia.

Sasa nyangumi. Kuna boti za kuwafuata zinazotoka Boston na Bar Harbor, lakini ni saa kadhaa za kurushwarushwa na mawimbi, na Bar Harbor zingewala muda wa Acadia. Mmebahatika, njia yenu inapita bure mahali bora zaidi. Baada ya Charlottetown meli inaingia mto Saint Lawrence, na kabla ya Quebec inapita Tadoussac, mto Saguenay unapomwaga maji yake. Hapo maji baridi ya vilindini huinuka na chakula tele, na nyangumi wa aina kadhaa hukusanyika, wakiwemo beluga weupe wanaoishi humo mwaka mzima. Muulizeni mhudumu wa mapokezi jioni ya siku ya Charlottetown meli itapita Tadoussac saa ngapi. Ikiwa ni mchana, mwekeeni Mama kiti sitaha ya wazi upande wa kulia, ambao ndio wa Tadoussac mkipanda mto, na kila mtoto awe na darubini yake.